Amelalia Ubavu Upi?

Nina nakala ya riwaya niliyoisoma nikiwa shule. Jalada limeshatoka, na kila nikiifungua nachekeshwa na mistari ya penseli. Nilipigia mstari kila methali. Mhusika yeyote alipotamka neno la hekima, penseli yangu ilikuwa hapo hapo, na pembeni nimeandika kwa herufi ndogo: "dhamira". Kurasa ambazo watu wanafanya mambo, wanafungua milango, wanaandika barua na kuzichana, wanaulizwa swali na kukaa kimya, ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Kwa mtihani hazikuwa na faida.

Ndivyo nilivyofundishwa, na nilipopata darasa langu ndivyo nilivyofundisha. Fani upande huu, maudhui upande ule. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa, msimamo. Mwanafunzi anaandika kwamba "mwandishi anatuasa tuwe wavumilivu", anatoa mfano mmoja na ukurasa wake, anapata alama zake. Siyadharau mafunzo hayo, maana yalinipa majina ya vitu, na kitu usichokijua jina ni rahisi kukipita. Ila yalinizoesha kuisoma hadithi kama mtu anayepekua koti la mwenzake: mkono mfukoni, chukua kilichomo, rudisha koti msumarini.

Katika nakala hiyo hiyo kuna methali niliyoipigia mstari mara mbili: "Mvumilivu hula mbivu." Pembeni nimeandika "subira". Juzi nimeusoma tena ukurasa ule. Anayeitamka ni tajiri ambaye ana miezi mitatu hajamlipa kijana wake wa kazi. Kijana amekuja kudai. Tajiri anatabasamu, anampiga bega, anamtolea methali, kisha anafunga mlango. Mwandishi ameuweka mlango ule waziwazi, kwa sentensi fupi inayosimama peke yake, na mimi niliuruka nikimbilie aya inayofuata kutafuta hekima nyingine. Hapo hakuna aliyekuwa akinifundisha subira. Nilikuwa naonyeshwa jinsi methali inavyoweza kufanya kazi ya komeo.

Nadhani sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Methali kwetu ni mali ya wahenga, haina mwenyewe, na kwa hiyo ikitokea katika riwaya tunaiona kama sauti ya mwandishi inayopenya katikati ya wahusika. Lakini ndani ya riwaya methali ina mwenyewe. Ina aliyeitamka, ina aliyetamkiwa, ina saa yake. Ukiing'oa hapo unabaki na methali tu, ambayo ungeweza kuipata kwenye kamusi bila kusumbuka na kurasa mia mbili.

Baada ya kuacha kufundisha nilianzisha kikundi kidogo cha kusoma. Tulikuwa saba: nesi, fundi cherehani, mzee mmoja mpima ardhi aliyestaafu, na wengine na shughuli zao. Kanuni tuliyojiwekea nilimwibia I. A. Richards, yule mhadhiri wa Cambridge aliyekuwa akiwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi na kuwataka waandike wanachokiona. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929, nayo si ya kujivunia. Vijana wasomi, walipokosa jina la kuegemea, waliwabeza washairi wakubwa na kusifu tungo dhaifu, na wengi walishindwa hata kueleza kwa maneno mepesi shairi linasema nini. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa hadithi fupi. Karatasi inakuja haina jina. Inaweza kuwa ya mwandishi maarufu, inaweza kuwa ya mmoja wetu.

Jioni moja ilikuja hadithi ya kurasa nne. Msimulizi ni kijana anayeeleza alivyomuuguza mama yake miezi ya mwisho. Ananunua dawa. Anatengenezesha kitanda kilicholegea. Usiku anakaa kwenye kiti ukumbini asilale, akisikiliza kikohozi. Mama anafariki alfajiri, na kijana anasema moyo wake umetulia kwa kuwa alifanya yote ya mtoto. Tuliipenda. Mimi nilishaanza kutamka maneno yangu ya zamani, malezi, wajibu, mapenzi ya mzazi na mwana, pale nesi aliponyoosha kidole.

"Mimi kuna kitu sikioni," alisema. "Huyu kijana anasikia kikohozi. Anasikia kitanda kinalia. Anajua chupa ya dawa imekwisha. Lakini hajui mama amelalia ubavu upi."

Fundi akamuuliza ubavu una nini.

"Anayeuguza anajua ubavu. Ndiyo kazi yenyewe. Unamgeuza, unamgeuza tena, ngozi isichubuke. Huyu hamgeuzi. Mimi nadhani hajaingia chumbani hata mara moja."

Tukarudi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, tukihesabu kwa vidole. "Nilisikia" ilikuwamo mara tisa. "Niliona" mara moja, na alichokiona ni mlango. Dawa "niliipeleka mpaka kizingitini". Siku ya kitanda, fundi wa mbao ndiye aliyeingia. Hata kifo chenyewe alikijua kwa sababu kikohozi kilinyamaza. Hadithi niliyokuwa nimeisoma dakika kumi nyuma ikageuka mbele ya macho yangu bila neno lake hata moja kubadilika. Kijana yule hakudanganya popote. Kila alichosema alikifanya kweli. Wayne Booth, Mmarekani aliyeandika mwaka 1961 kuhusu ufundi wa masimulizi, ndiye aliyetupa istilahi ya msimulizi asiyeaminika, na tangu zamani mimi nilikuwa nikiitafsiri kichwani kama "msimulizi mwongo". Jioni ile niliona kwamba msimulizi anaweza kusema kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado ukalazimika kumsoma kwa yale asiyoyataja.

Kisha mzee mpima ardhi akakohoa kidogo na kusema, "Hadithi ni yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Na kijana huyo ni mtoto mwema," aliendelea. "Nimeandika mimi. Najua nilichokusudia."

"Sijasema si mwema, baba," nesi alijibu. "Nimesema hajaingia."

"Ameingia. Sikuandika tu. Kila kitu kiandikwe?"

Wakanitazama mimi. Nami nikasema jambo ambalo bado linanichoma: "Basi, mwenyewe ameshasema." Tukahamia karatasi nyingine.

Nilikuwa nawajua Wimsatt na Beardsley, wananadharia wawili wa Kimarekani. Niliwahi hata kusimama darasani kueleza makala yao ya mwaka 1946, inayoshikilia kwamba kusudio la mwandishi halipatikani kwa uhakika wala halifai kuwa kipimo cha kazi yake. Niliieleza kwa mbwembwe zote. Lakini siku mwandishi alipokaa mbele yangu, ana mvi, miwani imeteremka puani, ameumia, niliiacha nadharia mlangoni na viatu. Nadharia ile ni nyepesi sana mwandishi akiwa amekufa zamani.

Hata leo siwafuati wale wawili moja kwa moja. Mzee alikuwa shahidi, na ushahidi wake una uzito. Ila alikuwa shahidi wa alichotaka kukifanya. Kilichofanyika kilikuwa kwenye karatasi, mara tisa kwa moja, na nesi ndiye aliyekisoma. Ningepaswa kuwaacha waendelee kubishana.

Kwa kuona aibu ya jioni ile nikaangukia upande wa pili. Nikawa msomaji wa alama. Kila kitu kikawa ishara ya kitu kingine: dirisha si dirisha, mvua si mvua, mhusika hawezi kupiga chafya bila mimi kuuliza chafya ile inawakilisha nini. Wapo wasomaji wanaoishi huko na wanafurahi, na mimi nilifurahi kwa muda wa mwaka mzima hivi. Ni raha kuwa mwerevu. Tatizo ni kwamba ukishaamua kila kitu ni fumbo, hadithi haina tena njia ya kukukatalia.

Iliyonikatalia ilikuwa herufi moja. Tulikuwa tunasoma riwaya fupi inayoishia na mwanamke amelala macho usiku kucha akimsubiri mtu. Sentensi ya mwisho katika nakala yangu ilisema: "Akafumba macho." Niliandika kurasa tatu. Nilieleza kwamba kufumba ni kifo, ni kukata tamaa, na zaidi ya hapo, kwamba kufumba ni kusema kwa mafumbo, kwa hiyo riwaya inajifumba yenyewe machoni pa msomaji. Niliwasomea kwa sauti. Nilipomaliza, fundi cherehani alikuwa ameinamia kitabu chake, anafuatisha mstari kwa ukucha.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "yangu inasema akafumbua."

Tulikuwa na matoleo mawili tofauti. Herufi u imo katika moja, haimo katika lingine. Walicheka mpaka nesi akafuta machozi. Nami nilicheka, baadaye kidogo.

Nilijifariji kwa kumkumbuka F. O. Matthiessen, mhakiki mkubwa wa fasihi ya Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1941 alisifu sana maneno mawili ya Herman Melville kuhusu samaki "aliyechafuka" wa baharini, akiyaona kama mfano wa ubunifu ambao hakuna mwingine angeufikia. Mwaka 1949 ikaonyeshwa kwamba Melville aliandika samaki "aliyejikunja". Kwa Kiingereza tofauti ni herufi ya kwanza tu, na mpanga chapa ndiye aliyeibadilisha. Kwa hiyo nilikuwa na mwenzangu, na mwenzangu alikuwa mtu mzito.

Lakini faraja haikujibu swali: kati ya matoleo yetu mawili, lipi limekosea? Hakuna aliyetuambia kwamba la fundi ndilo sahihi. Ilibidi turudi kusoma, na safari hii tusome kama watu waliopotelewa na kitu. Ilichukua kama robo saa. Aya mbili kabla ya mwisho, katika matoleo yote mawili, mwanamke yule "alihesabu hatua zilizokuwa zikikaribia, macho ameyafumba". Tangu hapo mpaka mwisho hakuna mahali anapoyafumbua. Hawezi kufumba macho yaliyokwisha kufumbwa. Mtu aliyekuwa akimsubiri amefika, au anadhani amefika, na yeye anafumbua macho kutazama, na riwaya inakatika kabla hatujajua ameona nini. Ni mwisho mzuri kuliko kurasa zangu tatu. Na ningeujua hata kwa nakala yangu mbovu, kama ningekuwa nimesoma aya mbili nyuma badala ya kuchimba chini ya neno moja.

Hapo ndipo niliposhika kipimo ninachokitumia mpaka leo. Tafsiri yangu ya hadithi naiuliza swali moja tu: kuna sentensi gani humu ndani ambayo ingeweza kukuangusha? Kama haipo hata moja, basi sijasoma, nimehubiri.

Kosa jingine halikuwa la mpiga chapa. Nilisoma hadithi ya nahodha wa meli kwa kurasa thelathini. Alisimama, aliamuru, alikasirika, aliondoka. Nilimwona vizuri kabisa, masharubu yake, kifua chake. Ukurasa wa thelathini na moja baharia mmoja akamwambia, "Samahani, mama." Nilirudi mwanzo kwa hasira, nikitafuta mwandishi aliponihadaa. Hakunihadaa popote. Ile a- ya "alisimama" haina jinsia. "Yeye" haina. "Nahodha" haina. Masharubu nilimwotesha mimi.

Lugha yetu inatoa nafasi hii kila siku na sisi tunaijaza bila kujua tunajaza. Anayeiandika hadithi ile kwa Kiingereza au Kifaransa, tena kwa nafsi ya tatu, itambidi aamue karibu tangu sentensi ya kwanza au apindepinde maneno kukwepa. Tangu siku ile kila nikianza hadithi najizuia kwa makusudi, naacha sura ya mhusika ibaki na ukungu mpaka nipewe kitu cha kuishikia. Franz Kafka aliliona jambo hili kutoka upande wa mwandishi. Mwaka 1915, hadithi yake ya mtu aliyeamka akiwa mdudu ilipokuwa inaandaliwa kuchapwa, alimwandikia mchapishaji kuomba mdudu yule asichorwe, hata kwa mbali. Jaladani akachorwa mwanamume aliyejifunika uso kwa mikono, nyuma yake mlango uko wazi. Ukifikiri, mchoraji alipewa kazi ngumu na akaiweza: alichora mlango.

Nimelitumia neno "tafsiri" mara kadhaa na sijaeleza ni ipi kati ya mbili, na sababu ni kwamba Kiswahili kinatuachia neno hilo hilo kwa kazi zote mbili, kuhamisha maneno toka lugha hadi lugha na kusema jambo lina maana gani. Sioni kama ni upungufu. Julius Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akawafanya wengi, na akachagua neno ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna msomaji wa Tanzania angelisikia bila kukunja uso. Ndani ya neno moja la jaladani kuna hoja nzima: kwamba anayekopesha kwa riba na wale wanaomdharau wanatoka jamii moja ya watu wa mali. Unaweza kuikataa hoja hiyo. Mimi naikubali nusu. Lakini imewekwa mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kuikataa, na hilo siwezi kulisema kuhusu masharubu ya nahodha wangu, ambayo yaliota gizani.

Narudi kwa mzee. Miezi michache baada ya ile jioni alileta hadithi yake tena, imepigwa chapa upya. Alikuwa ameongeza aya moja. Kijana anaingia chumbani, anamshika mama mkono, anamgeuza kwa ubavu wa kushoto, anaweka mto mgongoni. Kila kitu kilikuwa sahihi. Nadhani aliuliza mtu anayejua. Tulisoma, tukamsifu, tukatazamana. Nesi alisema, "Hapo sasa ni mtoto mwema," na hakuna mwingine aliyekuwa na la kuongeza. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, tulimaliza kabla ya saa kuisha.

Nilikaa nafikiria zile kurasa usiku ule. Aya mpya ilikuwa imeandikwa vizuri, labda vizuri kuliko nyingine zote. Na ilikuwa imezima kitu. Mara tisa za "nilisikia" bado zilikuwamo, lakini sasa hazikuwa na kazi. Zilikuwa kelele za nyumba tu. Mzee alikuwa ameisahihisha hadithi ifanane na kusudio lake, na kusudio likaimeza.

Sikumwambia. Sikuwa na uhakika ni haki yangu. Kuna mambo ya msomaji na kuna mambo ya mtu na mama yake, na sikujua yale ya pili yanaanzia wapi.

Mwaka huu macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo anayependa kwenda kwake huenda kumsomea. Wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimebeba riwaya mpya, lakini hakuitaka. Aliniuliza kama ile hadithi yake ninayo.

"Ipi, mzee? Ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza."

Ilikuwa kwenye faili, kwa sababu sijawahi kuitoa. Nikamsomea polepole, dawa, kitanda, kiti cha ukumbini. Hakusema kitu. Nilipofika kwenye sentensi ile ya pekee yenye "niliona", nilipomaliza tu kutamka "mlango", alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja mbele, kama mtu anayesimamisha gari barabarani.

"Basi," alisema. "Ishia hapo."